Nyumbani Kwako, Mlango wa Kijani

Eleuterio aligonga paneli mara tatu kwa vifundo vya vidole, na paneli nayo ikamgongea mara tatu.

"Mwangwi," alisema Nicanor, mwenzake wa kuosha kuta za maghorofa kwenye jukwaa la kuning'inia, bila kuacha kukoroga sabuni.

"Mwangwi gani unachelewa hivyo? Nimegonga, nimejikuna pua, ndipo ukaja."

Kugonga ni kazi, si mchezo. Huwezi kuelekeza mashine ya presha kwenye ukuta wa ghorofa kabla hujajua paneli ipi imelegea. Maji yakipenya nyuma yake yataing'oa na kulitupa bati zima la alumini barabarani, na kule chini watu wanakunywa kahawa yao. Kwa hiyo mafundi wetu wa Monterrey hugonga, husikiliza, hutia alama ya chaki, halafu hupaka sabuni kutoka chini kwenda juu na kusuuza kutoka juu kwenda chini. Vumbi la machimbo ya mawe halina haya. Ulioshe Ijumaa, Jumatatu limesharudi.

Sasa huyu Eleuterio alikuwa na kitabia chake. Akigonga, hubisha hodi. Miaka kumi na mmoja, kila paneli: "Hodi, wenyewe mpo?" Nicanor alikwishachoka kucheka. Alhamisi ile, ghorofa ya kumi na nne, Eleuterio alibisha tena, na sauti ya mwanamume ikaitika kutoka ndani, sauti ya upole, yenye mafua kidogo.

"Karibu. Unaishi wapi, bwana?"

Nicanor aliangua kicheko. "Watu wa ofisini hao! Hawana kazi. Mjibu, swahiba."

Kwetu, mtu akikuuliza unakoishi, humwambii "nyumbani kwangu." Ataona umelelewa zizini. Unamwambia, "nyumbani kwako ni mahali fulani," naye anashukuru, basi, yamekwisha. Hakuna aliyewahi kubeba godoro akahamia. Eleuterio alivua kofia kwa mzaha, akauinamia ukuta.

"Nyumbani kwako ni mtaa wa Nogales, namba arobaini, mlango wa kijani. Utamkuta Nereida, mke wangu, na binti yangu Casilda. Wakati wowote, bwana."

"Asante," ilisema sauti. "Na hapa ni kwako."

"Asante nawe," akajibu Eleuterio, akafungulia maji. Walicheka mpaka saa ya chakula.

Jioni alipofika nyumbani alikaribishwa na harufu. Ilikuwa ya vumbi lililoloweshwa, harufu ileile ya ukutani, na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki sita. Nereida alimfungulia, akamtazama viatu, akarudi nyuma hatua moja.

"Karibu, pita ndani. Keti, usione haya."

Eleuterio alicheka, maana mkewe ni mtani hasa. Lakini kahawa ililetwa kwenye kikombe cha maua, kile cha wageni, ambacho tangu harusi kilishushwa kabatini kwa ajili ya padri na mama mkwe tu. Na Casilda, mtoto wa miaka sita ambaye kila jioni humrukia mgongoni kabla hajafunga mlango, alisimama nyuma ya mama yake, akanyoosha mkono, akampa shikamoo ya mgeni.

"Jamani, nimekosa nini leo?"

"Hujakosa kitu, bwana," alisema Nereida. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha mumewe. Angemtukana, angefurahi.

Alitandikiwa shuka kwenye kochi. Chumba cha kulala kilikuwa kimefungwa, na kutoka huko ndani mtu aligonga ukuta mara tatu, taratibu, kama anayepima.

Asubuhi alimsimulia Nicanor. Nicanor ni baba wa ubatizo wa Casilda, kwa hiyo ana haki ya kukejeli.

"Umefumaniwa, sema kweli."

"Naapa kwa mama yangu."

"Basi twende tukamtafute huyo mcheshi wa ofisini aje amweleze mkeo."

Wakapanda kwa ndani. Mlinzi aliwapeleka mpaka mahali hasa nyuma ya ile paneli, akawafungulia kijimlango cha chuma. Palikuwa na tundu la lifti: zege, nyaya, na giza lililoshuka ghorofa kumi na nne. Hapakuwa na sakafu ya mtu kusimama. Nicanor hakukejeli tena siku ile.

Jumapili Eleuterio alikwenda kununua mkaa wa kuchomea nyama, kama kila Jumapili. Aliporudi saa saba mchana, jua likichoma utosi, alikuta moto umeshawashwa, nyama imeshageuzwa, na kiti chake cha kando ya jiko kina umbo la makalio ya mtu, limechorwa kwa vumbi la kijivu. Casilda alimjia mbio, akaweka kidole mdomoni.

"Usipige kelele, mjomba. Baba amelala."

"Casi, mwanangu. Baba ni mimi."

Mtoto alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu mzima anayekosea. "Baba yuko chumbani. Mama kamwambia aoge, hataki maji. Anasema maji yalimtoa kwake."

Eleuterio aliangusha mfuko wa mkaa, akaingia ndani, akapita jikoni ambako Nereida alikuwa akikanda unga wa mikate akiimba ule wimbo anaomwimbia mumewe peke yake, akaufuata ule mstari wa vumbi sakafuni, harufu ikizidi kwa kila hatua, mpaka akafika kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe, mlango alioupaka rangi kwa mikono yake, na alipoinua mkono kusukuma akajikuta, Mungu wangu, anabisha hodi, na kutoka kitandani kwake ile sauti yenye mafua ikamjibu, "Karibu."

Alikimbia. Nani angebaki?

Bi Otilia, mganga anayeuza majani sokoni, alimpitishia yai bichi kuanzia utosini hadi miguuni, akalipasua kwenye glasi ya maji. Kiini kilikuwa cha kijivu, kigumu kama saruji.

"Mwanangu, ulimpa kwa mdomo, na kwa mdomo utachukua, palepale ulipotoa. Uende kesho. Kesho kutwa hata jina lako watakuwa hawalijui."

"Nitakwenda, mama."

"Ngoja. Na yeye, alikupa kitu?"

Eleuterio alifikiri, tena alifikiri kwa dhati. Lakini nani huhesabu maneno ya adabu? Tunayatoa na kuyapokea kutwa nzima, hata hatusikii.

"Hapana. Hakunipa kitu."

"Maana kama alikupa ukapokea, usikanyage pale kabla hujakikataa."

"Hakunipa kitu, mama."

Jumatatu, baada ya kumsimulia Nicanor maneno yote ya mganga, alishuka na jukwaa peke yake. Nicanor alibaki juu ya paa akishika nyaya, kichwa kimening'inia ukingoni ili asikie. Eleuterio alijifunga mkanda wa usalama, akaukagua mara mbili, akagonga.

"Nyumba ya Nogales si yako!" alipaza sauti. "Naichukua. Nyumba ni yangu, mke ni wangu, mtoto ni wangu!"

Paneli ikasema, taratibu, bila hasira yoyote:

"Mimi nimeshahamia, bwana. Wewe ndiye umechelewa. Hapa ni kwako, ulinishukuru mwenyewe, na tangu Alhamisi pako wazi."

Hapo ndipo Nicanor alipokumbuka. Asante nawe! Alikuwepo, alisikia kwa masikio yake, na alicheka. "Kataa!" alipiga kelele mpaka koo likamchanika. "Elu, mwambie hutaki kwake! Kataa!" Lakini mota ya jukwaa ilianza kuunguruma bila kuguswa, na harufu ya vumbi bichi ikapanda na ukuta mpaka paani, na katikati ya ngurumo ile alisikia paneli ikifunguka na kufungwa, kwa ustaarabu, kama mlango wa watu wanaojiheshimu.

Alilipandisha jukwaa. Brashi ilikuwepo, ndoo ilikuwepo. Mkanda wa usalama ulining'inia kwenye kamba yake, vifungo vyote vimefungwa, na ndani yake hamna mtu.

Nicanor alikwenda Nogales akilia njia nzima, akipanga namna ya kumwambia Nereida. Mlango wa kijani ulifunguliwa kabla hajagonga.

"Nicanor! Pita. Unamtaka Eleuterio? Yupo, anakula."

Mezani alikaa mwanamume aliyevaa shati la Eleuterio, na uso ulikuwa wa Eleuterio, umepakwa vizuri lakini haujakauka. Vidole vyake viliacha alama za kijivu kwenye kitambaa. Casilda alikuwa amempanda mgongoni, amemkumbatia shingo, anacheka.

"Swahiba, mbona umesimama?" alisema yule mwanamume, akavuta pua. "Keti. Na wewe siku hizi unaishi wapi?"

Jibu lilimjia Nicanor mdomoni lenyewe, jinsi mama yake alivyomfundisha, na alilisikia likigusa meno. Nyumbani kwako ni... Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akatoka kinyumenyume, bila kuaga, bila kushukuru.

"Amekuwa hana adabu huyu," alisikia Nereida akisema.

Alikuwa amefika kwenye kona alipomsikia mtoto akimkimbilia, viatu vikipiga lami.

"Baba wa ubatizo! Ngoja! Baba anauliza, mlango wenu una rangi gani?"

Nicanor hakugeuka.