Mkilua wa Mwanamvua

Jua likikaribia kuzama, Mwanamvua wa Marui alitoka na kata ya maji kuumwagilia mkilua wake, na kuutukana. Miaka mitatu! Kaupanda chini ya mfenesi, maana mkilua haupendi jua. Kautia samadi ya mbuzi, kaupalilia. Ua? Hata la dawa. Na kesho mwanawe Biasha anaolewa. Bibi harusi bila vilua, yale maua ya kunukia, kichwani, watu wasemeje?

"Kivuli kimezidi," jirani yake Biubwa alimwambia jana. "Kata matawi. Au wangoja uchanue kwa matusi?"

Basi leo mumewe, Kitwana, kashinda juu ya mfenesi na shoka. Umebaki kisiki.

Jua la jioni lilimwagika uwanja mzima. Likafika kwenye kinu, kwenye kuku, ukutani...

Mkilua ulikuwa kivulini.

Mwanamvua akatazama juu. Mbingu tupu. Akatazama chini. Kivuli kilekile, kipana, cha baridi... na hakina mti.

"Baba Biasha," akanong'ona. "Njoo."

Kitwana akaja, akaona. "Mche huu uliutoa wapi?"

"Msituni. Pale pango la mizimu, kwa wenyewe."

"Ulipiga hodi?"

"Nipige hodi, na askari wa msitu yuko hatua kumi? Ulitaka niibe na kuimba?"

Ndiyo akili hiyo. Umwogope askari wa Mwingereza, wenye msitu usiwaogope.

"Urudishe."

"Baada ya harusi."

Hapo harufu ikaja. Kilua... tamu, nzito, ya kukaba koo. Wala ua halikuwapo. Ndani ya kile kivuli, kitu kikavuta pumzi.

Alfajiri mkilua ulikuwa umefurika maua. Kitwana akakataza yasiguswe. Mwanamvua akayachuma. Mama aliyekwisha kualika watu hashauriki.

Adhuhuri Biasha akatolewa nje kutazamwa, kaketi mkekani, vilua vimemjaa nyweleni, jua la utosi. Vigelegele vikapaa. Halafu vikakatika, kimoja kimoja.

Uso wa Biasha ulikuwa kivulini.

"Mama," akanong'ona, "mwambie huyo aliyesimama nyuma yangu asogee. Ana baridi."

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mwanamvua akayanyofoa maua yote, akayatupa mbali. Yakaanguka juani, yakaanza kusinyaa.

Kivuli hakikuyafuata.