Simu ya Muuza Vitenge wa Nakonde

Kila asubuhi akienda shule huko Mbagala, Mfaume humpokonya kofia Augustine, fundi viatu, akakimbia nayo. Augustine ni Mnyamwezi, Mfaume ni Mzaramo, na makabila hayo ni watani tangu enzi za mababu. "Mtumwa wangu, rudisha kofia!" hupiga kelele fundi, na mtaa mzima hucheka. Kwa mchezo huo Mfaume hajawahi kupigwa hata kofi.

Likizo ya Juni shangazi yake, Somoe, mfanyabiashara wa vitenge, alimchukua pamoja na mwanawe Twaha hadi Tunduma. Mji huo umepakana na Nakonde, mji wa Zambia, kama nyumba mbili zenye ua mmoja. Watu huvuka kwa miguu, wakanunua mahitaji yao na kurudi.

"Kumbe nchi ya watu ni hapo tu?" Mfaume alishangaa.

"Hapo tu," alijibu Twaha. "Ila tulia, braza. Huku hawakujui."

Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Walipofika Nakonde, mzee mmoja aliyeuza vitenge kando ya mpaka, alipoambiwa kwamba wao ni Wazaramo, alimtania Shangazi: "Nyie Wazaramo ngoma mnaziweza. Kazi je?" Mfaume akajua amepata mtani. Shangazi aliposogea duka la pili, Mfaume alinyakua simu ya mzee mezani, akaitumbukiza kwenye mfuko wa Twaha. Akangoja kuitwa mtumwa, wacheke.

"Mwizi!" alipiga kelele mzee.

Watu walizuka kila upande. Simu ikaonekana kwenye mfuko wa Twaha, na ngumi ya kwanza ikampasua mdomo. Fimbo zikafuata. Akaangushwa, akakanyagwa, tofali likamtua begani. "Leteni tairi tumchome!" mtu alisema, kwa sauti ya kuagiza chai.

Mfaume alikuwa ameshatimua mbio. Miguu ilimfikisha upande wa Tanzania, na hakuna aliyemfuata. Hakuna hata aliyemwona akichukua simu. Angenyamaza tu, angekuwa salama, na Shangazi asingejua kamwe.

Kisha akamsikia Twaha akilia, "Mama! Nakufa, mama!" Mfaume aliogopa, lakini aibu ilimzidi. Akageuka, akavuka tena.

"Ni mie! Simu nimechukua mie! Twaha hajui kitu!" Alijipenyeza kati ya miguu ya watu, akamlalia nduguye. Rungu lililokuwa likimshukia Twaha likamvunja yeye mkono. "Nilidhani babu ni mtani wangu!" alilia.

Mzee aliduwaa. Mara akaanza kuwasukuma watu kwa mikono yote miwili. "Basi jamani! Simu ni yangu, nasema basi!" Alisimama akiwakinga watoto wale mpaka askari wakafika. Aliyeleta tairi aliliacha chini, akaondoka zake kimya kimya.

Hospitalini Tunduma, Twaha alishonwa mdomo na jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Mfaume alifungwa plasta. Mzee alikuja kuwaona, kofia mkononi. "Nilipiga kelele kabla ya kuuliza," alimwambia Somoe. "Nimekosa, mama."

"Twaha, nisamehe," Mfaume alisema. Twaha alisogea kidogo kitandani ili binamu yake apate pa kukaa.

Shangazi aliwatazama wote wawili, macho mekundu.

"Utani ni wa wanaojuana, Mfaume. Mwenye kitu asipojua kwamba ni mchezo, huo ni wizi, hata kama wewe unacheka. Na watu wakishashika mawe hawaulizi, ndiyo maana ukweli lazima usemwe mapema. Ungechelewa kidogo tu, leo ningekuwa natafuta sanda ya mwanangu."

Mfaume aliinamisha kichwa, machozi yakadondoka juu ya plasta.

"Lakini ulishaokoka, ukarudi," Shangazi alisema, akimfuta uso kwa ncha ya khanga. "Kwa hilo nitakushukuru. Ngoja kwanza nimalize kukasirika."