Barua Chini ya Mguu wa Meza

Kulipopambazuka, karakana ilikuwa imeshaamka. Mke alipiga randa mbao, mume alipaka vanishi. Kwa jinsi mwanamke huyo alivyoipenda randa yake, mji mzima ulimwita Mama Randa. Hata mumewe.

Lakini kitanda walichokuwa wanakimalizia kilikuwa cha mwisho. Hawakuwa na kazi nyingine.

"Halmashauri wametangaza zabuni ya madawati," mume alisema. "Tukiikosa hii, tutafunga karakana."

Mama Randa alisonya. "Mwaka jana bei yangu ilikuwa ya chini kuliko wote, wakampa mwingine. Pale bila kujuana hupati kitu."

Jirani yao, karani mstaafu wa halmashauri, alikuwa amekuja kuchukua kiti chake. Alikuwa mezani, anakunywa chai.

"Barua yao ilisemaje?" aliuliza. "Anayekosa huandikiwa sababu."

Mume aliangua kicheko. "Babu, shika kikombe chako vizuri!"

Aliinama, akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne chini ya mguu wa meza. Meza ikayumba, chai ikamwagika.

"Seremala mzima, meza yako inacheza!" mzee alisema.

"Za wateja kwanza, Babu," Mama Randa alijibu kwa aibu. "Na barua niliisoma pale pa kukosa tu. Hasira zikanipanda."

Mzee aliikunjua, akasoma kwa sauti: "Fomu imesainiwa 'Mama Randa'. Leseni ina jina jingine. Mzabuni ameondolewa katika hatua ya kwanza."

"Lakini kila mtu ananijua!"

"Kamati haipimi kwa kujuana, mwanangu. Si ndicho ulichokuwa unakilalamikia?"

Mama Randa akachukua kitambaa, akafuta chai iliyomwagika.

"Sikiliza," mzee aliendelea. "Kwanza wanaangalia karatasi: leseni, cheti cha kodi, sahihi, na kama umewahi muda. Waliokamilika wanapimwa uwezo. Umeshafanya kazi kama hii? Vifaa unavyo? Dawati lako litafuata vipimo vilivyotangazwa? Wakishapita hapo, ndipo bei zao zinalinganishwa. Yako haikufikiwa hata kidogo."

"Basi tupigie simu kwa mtu wako wa zamani pale," mume alidakia.

"Nikipiga, mtakaoondolewa ni ninyi. Na itakuwa haki. Mkiwa na swali, andikeni mapema. Jibu watapewa wazabuni wote."

Siku zilizofuata Mama Randa alishika kalamu zaidi kuliko randa. Alisoma vipimo mstari kwa mstari. Alikwenda zahanati aliyoitengenezea mabenchi, wakamwandikia barua ya kuthibitisha kazi yake. Jina lake kamili hakuwa ameliandika tangu aache shule. Alilifanyia mazoezi kwenye kipande cha mbao kwa penseli ya ufundi, mpaka herufi zikanyooka. Ndipo akasaini fomu.

Siku ya kufungua zabuni, ukumbi ulijaa. Bahasha zilifunguliwa mbele ya watu wote, majina na bei yakasomwa. Likasomwa jina moja la mwanamke.

Mama Randa alikunja uso. "Huyo naye katokea wapi?"

Mumewe alimfinya. "Ni wewe!"

Wiki chache baadaye barua ilifika. Mama Randa aliisoma akiwa amesimama, neno kwa neno, hadi kwenye muhuri. Wamepata! Kulikuwa na mwenye bei ya chini kuliko yake, lakini madawati ya huyo hayakufuata vipimo, akaondolewa kabla ya hatua ya bei.

Karakana ikajaa mbao tena, na kelele za msumeno. Barua mpya ilitundikwa ukutani kwa msumari. Meza nayo ilipinduliwa, miguu ikasawazishwa. Mzee alipokuja kunywa chai, haikumwagika hata tone.

"Sasa mke wangu, nikuiteje?" mume alitania.

"Hapa niite Mama Randa," alijibu, akipuliza maranda kwenye dawati. "Ila ukijaza fomu, tazama leseni kwanza."