Picha ya Magodoro Yanayotembea

Kila asubuhi Chapuchapu alifagia uwanja, akajaza maji kwenye pipa la jikoni, akanywa chai akiwa amesimama, kisha akatoka mbio huku kamba ya kiatu kimoja ikiburuta. Hakuwa mvivu hata kidogo. Shida yake ilikuwa haraka, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita jina hilo. Mama yake alizoea kusema, "Huyu mtoto hata kulala analala kama anayefukuzwa."

Nyumba chache mbele, rafiki yake Kicheko alikuwa akimsubiri langoni. Kicheko naye alipata jina lake kihalali: akianza kucheka hakujua kuacha. Mwalimu wao wa hesabu aliwahi kumtoa nje ya darasa ili akamalizie cheko lake huko. Ukimwona mmoja wao, ujue mwingine hayuko mbali.

Baba yake Kicheko alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo kwenye mji mkubwa, mbali kwa basi. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akirudi nyumbani amevaa ovaroli la buluu lililopigwa pasi, na Kicheko alimkimbilia barabarani kama mtoto wa chekechea. Lakini siku hizi alikuwa haji. Alipiga simu akasema kazi zimebana, wamvumilie.

Chapuchapu alikuwa na kamera ndogo ya mfukoni aliyopewa na shangazi yake, msusi mwenye saluni karibu na stendi. Ilitosha kwenye kiganja, na popote alipokwenda alikwenda nayo. Alimpiga picha paka aliyelala juu ya mizani ya muuza mboga. Alipiga picha viatu vilivyorundikana mlangoni siku ya kikao cha wazazi. Mama alimruhusu kuzituma kwa simu yake kwenye kundi la mtaa, na watu walizifurahia. Fundi cherehani wa kona aliandika, "Mtoto huyu ana jicho." Sifa zile zilimnogea Chapuchapu. Kila alipotuma picha alikaa ameishika simu, akihesabu waliocheka.

Jumamosi moja shangazi alimchukua wakaenda mji mkubwa kununua nywele za kusuka na mafuta. Shangazi alipokuwa ndani ya duka akibishana bei, Chapuchapu alisimama nje barazani, kamera mkononi. Mara akaona kitu cha ajabu kikija katikati ya barabara: mlima wa magodoro, umefungwa kamba, ukiyumba huku na huku, na chini yake miguu miwili tu. Magari yalipiga honi. Mlima ukasimama, ukapinda kona taratibu, na kwa nukta moja uso wa mtu ukachungulia pembeni, umekunjamana kwa jasho, shingo imekaza, mdomo wazi.

Alibonyeza kitufe. Mkokoteni uliobeba magodoro yale ukapita.

"Umepiga nini tena?" shangazi aliuliza akitoka na mifuko.

"Magodoro, shangazi! Yanatembea yenyewe!"

"Na mwenye kuyasukuma umemwomba ruhusa?"

"Ameshapita," Chapuchapu alijibu, na shangazi, mikono ikiwa imejaa mizigo, hakufuatilia.

Kesho yake jioni, wakiwa wamesharudi, alihamishia picha zake kwenye simu ya mama. Ile ya magodoro ilitoka safi kuliko zote. Akaituma kwenye kundi la mtaa, na chini yake akaandika: "Mjini hata magodoro yamechoka kulaliwa, yameamua kutembea!"

Vicheko vikaanza kumiminika. Muuza duka alicheka, dereva wa lori alicheka, hata mama mchungaji ambaye huwa haandiki kitu aliweka alama ya kucheka. Chapuchapu alijiona mkubwa. Kisha fundi cherehani akaandika: "Hebu kuzeni hiyo picha, muangalie uso. Huyu si Baba Kicheko?"

Chapuchapu aliikuza kwa vidole viwili. Ndevu zilikuwa zimeota na mashavu yameingia ndani, lakini macho yalikuwa yale yale yaliyomkaribisha nyumbani kwao miaka yote. Alikuwa ameitazama ile picha mara nyingi siku nzima. Alikuwa ametazama magodoro tu.

"Ndiye," mtu mwingine akaandika. "Kumbe kiwandani hayupo?"

"Watu walipunguzwa kitambo. Hamkusikia?"

Mama Kicheko alikuwemo kwenye kundi lile. Chapuchapu aliifuta picha haraka haraka, lakini tayari dereva wa lori alikuwa ameirusha kwenye kundi la madereva, na mtu mwingine alikuwa ameirudisha tena palepale akiandika, "Kwa wale ambao hawakuiona."

Jumatatu asubuhi langoni kwa kina Kicheko hapakuwa na mtu. Alimkuta darasani, amekaa dawati la mbele pamoja na wengine.

"Kicheko, sikujua kama ni baba yako. Nakuapia."

Kicheko hakugeuka. "Ungejua ni baba wa mtu mwingine, ingekuwa sawa?"

Wakati wa mapumziko kijana mmoja wa darasa la juu alipita akiyumbayumba, mikono juu, akipiga kelele, "Pisheni godoro!" Watoto wakaangua kicheko. Siku hiyo Kicheko hakucheka. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani kabla ya kengele, na mwalimu hakumzuia.

Jioni Chapuchapu alimweleza mama yake kila kitu bila kuficha, hata maneno aliyoyaandika. Mama aliweka chini kisu cha vitunguu.

"Niliyaona," alisema. "Nilikuwa nangoja kuona kama utakuja mwenyewe. Vaa viatu."

Walimkuta Mama Kicheko akipiga pasi nguo za watu, mtoto mchanga mgongoni. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliendelea kunyoosha kola ya shati moja, akairudia na kuirudia.

"Nisamehe, mama," Chapuchapu alisema.

"Mwanangu, kusukuma mkokoteni si wizi. Baba Kicheko angeniambia ningempikia, ningempa pole, tungepanga. Lakini nimeambiwa na simu, watu wakicheka. Nilikuwa nimekaa hapa, jirani zangu wamenizunguka, na kila mmoja alijua mambo ya nyumba yangu saa ile ile nilipoyajua mimi." Akaiweka pasi kando. "Na sasa hapokei. Nadhani picha imemfikia. Tangu jana simu yake imezimwa. Mimi nikiwa na huyu mtoto na hizi nguo, siwezi kumfuata."

Mama yake Chapuchapu akamgeukia binti yake. "Shangazi yako anarudi mjini Jumamosi. Ulichokiharibu kwa kidole, utakwenda kukitengeneza kwa miguu."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Chapuchapu alikwenda shule peke yake na kurudi peke yake. Kamera aliifungia kabatini. Kuiona tu kulimchefua. Alimwomba mama simu, akaandika kwenye kundi la mtaa kwamba amekosa, na akawaomba wote waifute ile picha. Wachache walijibu. Wengine walikuwa wameshahamia kwenye mazungumzo mengine, kana kwamba hakuna kilichotokea, na hilo lilimuuma zaidi.

Jumamosi walimtafuta Baba Kicheko kwenye maduka ya magodoro. Wasukuma mikokoteni waliulizana, wakanong'onezana, na mmoja akawaelekeza uchochoro wa nyuma. Walimkuta amekaa juu ya mkokoteni mtupu, akifunga kitambaa kwenye kiganja kilichochubuka. Alipowaona alisimama, akajipangusa vumbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alimwamkia shangazi, kisha akainamisha macho. "Nyumbani wazima?"

"Wazima, kaka," shangazi alisema. "Ila wanakungoja."

Chapuchapu alikuwa ameyapanga maneno mengi ndani ya basi. Yote yalimpotea. "Baba, mimi ndiye niliyepiga ile picha. Na mimi ndiye niliyeandika yale maneno. Sikukuuliza. Hata sikukutazama vizuri." Machozi yakamtoka.

Baba Kicheko alikaa tena.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Wenzangu hapa walinionyesha wakicheka, nami nikacheka nao. Ningefanyaje? Halafu nikaona imetoka mtaani kwetu. Nikazima simu." Akakigeuza kile kiganja, akakitazama. "Kosa la kwanza ni langu. Kiwanda kilipotupunguza nilipaswa kusema siku ile ile. Nikajiambia, ngoja nipate kitu cha maana kwanza. Wiki ikazaa wiki. Kila siku nikisukuma huu mzigo nilikuwa napanga namna ya kumwambia Mama Kicheko: nianze na lipi, nimalizie na lipi. Nilikuwa nimekaribia kabisa. Mwisho wa mwezi huu ningekuja."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza, maana una miaka mingi ya kupiga picha. Picha yako ilikuwa ya kweli. Sikatai, ndivyo nilivyokuwa. Tena nasikia imetoka vizuri." Alijaribu kutabasamu. "Ila ukweli ule ulikuwa wangu kuusema, nyumbani kwangu, kwa mdomo wangu. Uliuchukua ukaupeleka kwa watu wengine kwanza. Hata ukinirudishia sasa, siwezi tena kuwa wa kwanza kumwambia mke wangu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi. Mtu barabarani si kama paka juu ya mizani. Ana watu wanaomngoja mahali fulani. Muulize kwanza. Akikataa, mwache apite na mambo yake."

Shangazi alipangusa macho kwa ncha ya kanga yake, kisha akasema kwa sauti ya kazi, "Haya kaka, mkokoteni huu ni wa nani? Kaurudishe, basi linaondoka."

Njiani Baba Kicheko alikaa kiti cha mbele yao, dirishani. Chapuchapu aliweza kumsikia akinong'ona peke yake, akianza sentensi, akiikata, akiianza upya. Mtu aliyekuwa fundi wa mitambo mikubwa alikuwa anajifunza namna ya kuingia nyumbani kwake.

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika. Mama Kicheko alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alimpokea mume wake mfuko, akausogeza mlango ukafunguka wote. Wakaingia. Majirani waliokuwa nje walianza kukusanyika, na shangazi akawatazama kwa jicho ambalo liliwarudisha wote majumbani mwao.

Baada ya muda Kicheko alitoka akaja langoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shangazi yako amemwambia baba kuwa fundi mmoja pale stendi anahitaji mtu wa kutengeneza mashine za kusaga. Kesho anakwenda kumwona."

"Nimefurahi," Chapuchapu alisema. "Kicheko, nime…"

"Baba ameniambia uliyomwambia." Kicheko alichezea komeo la lango. "Bado nina hasira."

"Najua."

Walisimama pale, lango katikati yao. Kicheko akaliachia komeo.

"Jumatatu unaweza kunipitia," alisema. "Lakini tutembee tu. Nisichekeshwe."

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa. Alikwenda nyumbani taratibu, na njia nzima hakukimbia.