Karafuu za Maren

Walikutana Januari, Jumamosi ya mbio za mbwa wanaovuta sleji juu ya theluji, siku ambayo Duluth, mji wa kando ya ziwa kaskazini mwa Marekani, hufurika wageni wenye pua nyekundu. Maren Tolvanen alikuwa kaunta, kwenye kiwanda kidogo cha bia alichofanyia kazi. Alivaa aproni ya ngozi juu ya sweta ya kijani, nywele kazibana kwa penseli. Mchana kutwa alimimina bia nyeusi ya msimu wa baridi na kumuuliza kila mteja anaionaje. Kila mteja alimjibu, "Si mbaya."

Mimi nimeishi na watu hawa, nawajua. Wape mkaa wale, watakuambia si mbaya, kisha watakuuliza umeupikaje. Adabu yao inachosha.

Ndipo akafika mwanamume mrefu mwenye kofia ya manyoya, theluji ikimyeyukia mabegani. Akaonja, akaonja tena.

"Imeungua," akasema.

"Samahani?"

"Kimea kimeungua. Nitainywa, lakini imeungua. Usininunie, dada, umeuliza mwenyewe."

"Sijanuna. Wiki nzima namwambia bosi hivyohivyo, hanisikii. Unaitwa nani, wewe mwenye ulimi?"

"Wendell Rask. Nafundisha jiografia."

"Basi kaa hapo, mwalimu. Glasi ya pili ni juu yangu."

Barafu ilipoanza kupasuka ziwani, walikuwa wameshazama mapenzini. Wendell alimpigia simu kila mapumziko ya mchana.

"Umekula, kipenzi?" Maren aliuliza siku moja.

"Nimekula mkate wako."

"Ukoje?"

"Soli ya kiatu. Lakini nimeumaliza, maana nakupenda."

Maren alicheka mpaka akakaa chini. Alikulia kwenye nyumba ambayo kila kitu kilisifiwa, na kwa hiyo hakuna sifa aliyoiamini. Huyu akimwambia umependeza, alijua amependeza.

Oktoba bosi akamwita. Bia ya msimu wa baridi mwaka huu itakuwa ya Maren, mapishi yake na jina lake kwenye chupa. Ikipendwa, atakuwa mpishi mkuu. Isipopendwa, atarudi kuosha mapipa. Maren akapika bia kidogo ya majaribio, na pipa kubwa likapangiwa Jumatatu.

Jumapili mchana walialikwa kwa Gus na mkewe Trudy, marafiki wa Wendell. Kila mwaka hukutana hapo kulinganisha bia mpya za baridi za mji. Kila chupa huvikwa mfuko wa karatasi, watu huonja, husema yao, kisha ndipo karatasi hutolewa. Sharti ni moja: neno lililosemwa karatasi ikiwapo halirudishwi. Maren akaiingiza ya kwake katikati ya nyingine bila kumwambia mtu.

Zamu ya chupa yake ikafika. Wendell akakunja uso.

"Jamani, hii ni kwa daktari wa meno. Karafuu tupu. Aliyepika alimwaga kopo zima akaenda kulala."

Gus akacheka mpaka akamwaga ya kwake. Maren ilimchoma, nisiseme uongo, lakini kweli hiyo ndiyo aliyoijia. Kesho angepunguza karafuu nusu. Alikuwa hata anafungua mdomo amshukuru.

Trudy akavua karatasi. Kwenye chupa palikuwa na mwandiko wa Maren. Sebule ikapoa.

"Ni yako?" Wendell akauliza. Akanyanyua glasi haraka, akanywa tena, akatabasamu tabasamu la muuza magari. "Unajua, ikitulia mdomoni si mbaya. Nzuri, kwa kweli. Nadhani leo ndiyo inayoshika nafasi ya kwanza."

"Hata mimi imenikaa," akasema Gus, mwongo mwingine.

Hapo damu inanichemka hata mimi ninayesimulia.

"Rudia," Maren akasema.

"Nirudie nini, mpenzi?"

"Ulichosema karatasi ikiwapo."

"Nilikuwa natania tu."

"Hukuwa unatania. Kesho naingiza jina langu kwenye pipa, Wendell. Nikikuamini sasa hivi, nimekwisha."

"Sikutaka kukuumiza mbele za watu."

"Nani kakuomba unikinge? Watu wa kunisifu ninao mji mzima. Nilikuwa na mmoja tu wa kuniambia kweli."

Akachukua koti, akatoka bila kufunga vifungo.

Kesho yake Wendell akapiga simu. "Nisamehe, Maren."

"Zile siku ulizosema nimependeza. Ile mara ya kwanza uliposema unanipenda. Karatasi ilikuwapo, au ilikuwa imeshatoka?"

"Yote yalikuwa kweli."

"Kama vile bia yangu ilivyokuwa ya kwanza." Akakata. Alipunguza karafuu kwa ulimi wake mwenyewe, na hakumpigia mtu simu.

Desemba bia ikatoka. Foleni ilifika barabarani, watu wakikanyagakanyaga theluji kutafuta joto. Wendell alikuwa katikati yao, hana ua wala zawadi. Alipofika mbele, Maren akammiminia bila kumtazama.

"Haya."

Wendell akanywa polepole. "Karafuu zimekaa sawa," akasema. "Ila ni nyepesi mno. Inakimbia kabla hujaimeza. Bia ya kiwanda cha ng'ambo ya barabara inaishinda."

Mama mmoja mwenye skafu nyekundu akasonya nyuma yake. "Huna haya, kijana?"

"Sina, mama." Hakuyaondoa macho kwa Maren. "Siku ile nilikudanganya kwa kuogopa utaniacha. Haukuwa wema, ulikuwa woga. Na bado nikaachwa."

Maren akaegemea kaunta. Hasira alikuwa nayo bado, na maneno ya ng'ambo ya barabara yalimkata. Lakini tangu siku alipofungua pipa alijua bia yake ni nyepesi, na kila aliyemuuliza alimwambia si mbaya.

"Inaishinda kwa kiasi gani?"

"Kidogo. Lakini inaishinda."

"Shetani wewe," akasema. "Nimekukumbuka mpaka nimechoka."

"Basi tuoane."

"Hapa, kwenye foleni?" Akafuta macho kwa aproni. "Kwanza nijibu. Mama yako akipika kibaya, unamwambia?"

"Thubutu. Namsifu mpaka naongezewa."

"Vizuri. Mama mdanganye. Gus mdanganye, na bosi wangu, na mji mzima." Akamnyang'anya glasi, akaimaliza. "Mimi usinihurumie, Wendell. Kwa sharti hilo, ndiyo."