Pampu Mchangani

Haya yalimkuta rafiki yangu, muuza matairi. Mpaka leo ukimgusia, anaficha viganja.

Matairi makuukuu yenye nyufa alikuwa akiyapaka rangi nyeusi, yanang'aa kama mapya. Hayo ndiyo aliyomuuzia mume wa dada yake. "Shemeji, haya hata mchangani hayakuangushi!"

Yakapasuka mawili katikati ya mchanga, mbali na watu, na kiu ikammaliza shemeji. Simu yake ya mwisho alimpigia mkewe: "Mwambie kaka yako namsubiri hapahapa."

"Kiu ilimtia wazimu tu," akasema muuza matairi.

Mwaka haukuisha, akapata safari ya njia ileile. Gari lake alilifunga matairi mapya kabisa. Yeye si mjinga. Mchanga ulipoanza akayapunguza upepo, kama wafanyavyo madereva wote, yatanuke yasizame. Mara vumbi likafunika jua, mchana ukawa giza totoro. Akasimama, akapandisha vioo.

Fyuu. Fyuu. Fyuu.

Pampu ya mguu, nyuma ya gari. Kona moja ikainuka taratibu. Pampu ikahamia tairi la pili, kisha la tatu.

"Nani wewe?"

Pampu ikasimama. Halafu fyuu, chini ya mlango wake.

Akakanyaga mafuta kwa hofu. Magurudumu yakachimba, gari likazama.

Vumbi lilipotulia akashuka. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Akayagusa matairi yake mapya: magumu kama jiwe. Viganja vikatoka vyeusi, vimelowa rangi mbichi.