Ghala Tambuzi la Nala

Rafu zilikuwa zinatembea. Hazikuwa na magurudumu. Zilielea juu ya sakafu kwa nguvu ya sumaku, zikipishana bila kugusana, kila moja imebeba mamia ya makasha meupe. Rafu moja ilipofika chini ya tundu la paa, kasha lilijichomoa likadakwa na kipanga, ile ndege ndogo isiyo na rubani ambayo siku hizo ilijaa katika anga la Dodoma kuliko kunguru. Kipanga kikapaa. Ghala zima halikuwa na mtu wala taa, ila mwanga wa jua ulioingia kwa tundu la paa, kwani mashine hazikuhitaji mwanga ili kuona.

"Karibuni Ghala Tambuzi la Nala," alisema Bwana Hamdani, ofisa aliyewatembeza wateja nyuma ya kioo.

Sechelela aliitikia kwa kichwa. Tangu amzike mumewe, Yoeli, alifanya kila kitu hivyo. Akiwekewa chakula alikula, akiambiwa alale alilala. Watu walimsifu kwa ujasiri, naye hakuwa na nguvu ya kuwaeleza kwamba ule haukuwa ujasiri. Ilikuwa kama mkono uliokufa ganzi: upo, lakini si wako.

Alikuja na wifi yake Foibe, dada wa Yoeli, fundi wa vifaa tiba. Wao wawili na Yoeli ndio walioanzisha biashara ndogo ya kusambaza vifaa kwa hospitali za kanda ya kati: viendesha-moyo vya kuusaidia moyo kudunda, pampu za dawa, mashine za kuwapumulia watoto njiti. Sasa godauni lao la zamani lilikuwa linabomolewa kupisha reli ya juu, na ilibidi waamue wahamie wapi.

"Joto je?" Foibe aliuliza. "Betri za viendesha-moyo hazivumilii joto."

"Kila kasha lina ubaridi wake."

"Na vumbi?"

"Vumbi huletwa na binadamu, dada. Humu hawamo." Bwana Hamdani alicheka, kisha akasogea karibu na kioo. "Lakini hayo hata jokofu zuri linayaweza. Sisi tunachouza ni uamuzi. Ghala linazungumza na hospitali zote. Linajua mgonjwa gani ana hali gani, saa hiyohiyo. Vifaa vikiwa haba, linampa yule mwenye matumaini makubwa zaidi ya kupona."

"Hata kama kifaa kimeshaondoka?"

"Hata kikiwa angani! Niwape mfano. Masika yaliyopita kipanga kilikuwa kinapeleka kiendesha-moyo Kondoa, kwa mwanamume mmoja. Kimeshaipita Chemba, ikaingia taarifa ya mtoto wa kike huko Manyoni, moyo unasimama. Ghala likapiga hesabu, likakigeuza palepale. Binti yule leo anaruka kamba."

Foibe alimshika Sechelela mkono. Yoeli alikuwa amepeleka mashine za watoto njiti Kondoa moyo wake ulipoanza kukosa mapigo. Katika godauni lao viendesha-moyo vya aina ile vilikuwa vimekwisha, hospitali ikaagiza kwingine. Walichoambiwa ni kwamba kipanga kimerudishwa na mvua.

"Huyo wa Kondoa," Sechelela aliuliza, "aliambiwa?"

"Aambiwe nini?"

"Kwamba hakiji."

"La hasha. Ya nini kumtia mtu uchungu? Ghala lilituma taarifa ya hali mbaya ya hewa. Limefundishwa huruma pia, mama."

Sechelela aliingoja hasira. Haikuja. Aliona tu rafu nyingine ikisogea, na kasha jingine likipaa.

"Asante kwa muda wako," alisema.

Garini Foibe alilia hadi mtandio wake ukalowa. Gari lilijiendesha lenyewe kuelekea mjini.

"Wifi, sema neno basi!"

"Twende Kizota tukaliangalie lile godauni jingine."

Godauni la Kizota lilikuwa la zamani, lililojengwa kwa ajili ya kuhifadhia zabibu. Kuta zake zilikuwa nene, sakafu imepasuka, mlango ulitaka kusukumwa kwa bega. Foibe alizunguka na kipima-unyevu chake, akapangusa vumbi dirishani kwa kidole, akalitazama kwa mashaka.

"Sakafu itabidi imwagwe upya. Na vipoza hewa viwili, ikiwezekana vitatu." Akakizima kipima-unyevu. "Na hapa vifaa vikiwa haba, nani ataamua?"

"Sisi."

"Tutakosea, wifi."

"Tutakosea. Lile Ghala halikukosea. Mtoto yuko hai, na pengine hata mimi ningempa yeye."

"Sasa unalikataa kwa lipi?"

Sechelela aliutazama ufa wa sakafuni.

"Kule hospitali, nilipokaa naye, Yoeli alikuwa akiangalia dirisha," alisema. "Kila mara aliniambia, mvua inakaribia kukatika, usiwe na wasiwasi. Alikufa akinieleza habari za mvua. Angejua, angeniambia mengine."

Wakalipanga la Kizota. Wakamwaga sakafu, wakaziba nyufa, wakafunga vipoza hewa. Kazi ilikwenda, na Sechelela akawa anakwenda nayo kama mtu anayebebwa.

Kiangazi kilipokolea, walibaki na kiendesha-moyo kimoja tu cha aina fulani. Asubuhi moja kikaombwa na hospitali mbili. Singida alikuwapo mwalimu kijana, aliyeanguka darasani. Mpwapwa alikuwapo bibi mzee ambaye figo zake pia zilikuwa zimechoka. Sechelela na Foibe walizungumza na madaktari wa pande zote mbili, wakauliza, wakarudia kuuliza. Kisha Sechelela mwenyewe akalibeba kasha hadi nje, akalifunga kwenye kipanga cha Singida.

Akarudi ndani, akaketi, akampigia mtoto wa yule bibi. Aliitwa Madeje.

"Mimi naitwa Sechelela, wa godauni la vifaa tiba. Nakupigia juu ya mama."

"Kimefika?"

"Hakiji, kaka yangu. Kilikuwa kimoja, nimempelekea mgonjwa mwingine. Kingine kinatafutwa, ila daktari anasema mama hataweza kukingoja."

"Wewe ni mtu au ni mfumo?"

"Ni mtu."

"Na wewe ndiye uliyeamua?"

"Ndiye mimi."

Madeje akamtukana. Alimtukana yeye, akaitukana kazi yake, na tumbo lililomzaa. Sechelela hakujitetea wala hakukata simu. Kila neno liliingia na kukaa, na mahali lilipokaa paliuma. Aliweka kiganja kifuani, akashangaa kwamba panauma.

Maneno yakamwishia Madeje. Ikabaki pumzi.

"Ana fahamu zake?" Sechelela aliuliza.

"Anazo. Anataka chai, anasema ya hapa haina tangawizi."

"Basi usingoje kitu kingine. Kaa naye."

Madeje hakuaga. Simu iliwekwa mahali bila kuzimwa, na Sechelela akasikia kiti kikiburutwa, kikisogezwa karibu na kitanda. Akasikia, "Mama." Akasikia sauti nyembamba ikiitika.

Hapo akakata simu, kwa kuwa yaliyobaki hayakuwa yake kuyasikiliza.